Unataka kazi ya shoroba? Mtafute kwanza mtendaji wa kijiji

Juzi kijana aliyemaliza Mweka, chuo cha wanyamapori, kaniandikia: “Dada, natamani sana kazi ya shoroba za wanyamapori, zile njia wanazopita wanyama kati ya hifadhi na hifadhi. Nijifunze programu gani ya ramani?” Swali zuri, ila limegusa kidonda.

Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi wa ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara. Shirika silitaji. Kwenye kikao hapa Arusha nikasema ule mstari wa kijani unaoonyesha ushoroba kwenye ramani umepita juu ya mashamba ya watu, na wenyewe hawajaulizwa. Mkubwa wangu akanijibu mbele ya wote: “Wewe binti wa Moshi, wafugaji unawajulia wapi?” Watu wakacheka, chai ikaletwa. Mkataba wangu haukuongezwa. Bado inaniuma, sijifanyi.

Nikaendelea kwenda vijijini kwa nauli yangu. Wafugaji ndio walionifundisha. Kiangazi nyumbu na pundamilia hubanana kwenye Mto Tarangire kwa sababu ya maji. Mvua zikinyesha hutoka hifadhini, wengi wakielekea nyanda za Simanjiro, kwenye majani yenye madini, fosforasi hasa, anayoyahitaji jike anayenyonyesha. Huko ndiko nyumbu huzalia. Mfugaji naye anayataka majani hayohayo, lakini nyumbu wakianza kuzaa anaondoa ng’ombe wake, kwani ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa unaoua ng’ombe. Kalenda hiyo iko kichwani mwa mzee ambaye hajawahi kualikwa semina hata moja! Malisho huacha njia wazi. Jembe ndilo linaloifunga.

Ndiyo maana nasema kila siku: kijiji kwanza. Kanuni za shoroba za mwaka 2018 zipo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo. Lakini eneo la malisho linatengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na mpango huo unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, akina mama wakiwemo. Kijiji nilichokisaidia kimepitisha wa kwake mwezi uliopita. Nimetembea kifua mbele mjini wiki nzima, na ninastahili.

Vijana wenzangu, mnapenda mno fulana zenye nembo na magari ya mradi. Tembo akilala ndani ya mahindi ya mtu usiku, fulana yako haimsaidii mwenye shamba. Kaa naye, msikilize, usimwahidi fidia ambayo si wewe unayeilipa. Kijiji kwanza, nimeshasema.

Ramani utafundishwa kazini. Kabla ya vuli panda basi la Babati, shuka njiani, mtafute mtendaji akupe tarehe ya mkutano mkuu. Kaa nyuma, usishike kipaza sauti. Na barua ya utambulisho kutoka halmashauri uwe nayo mkononi, maana bila hiyo utaonekana dalali wa viwanja.