Kuripoti Maseno Ukiwa Umechelewa: Upange Vipi Muhula wa Kwanza

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umeripoti Chuo Kikuu cha Maseno wiki ya tano kwa sababu karo ilichelewa kupatikana, na unauliza kama uache baadhi ya masomo ya shahada yako ya kemia ili upate nafasi ya kupumua. Pole sana. Hata hivyo, nakusihi usiache lolote kabla ya kumwona mwenyekiti wa idara, kwa kuwa katika vyuo vyetu masomo ya mwaka wa kwanza kwa kawaida hupangwa na idara yenyewe, na somo utakaloliacha sasa huenda lisifundishwe tena hadi mwaka ujao.

Kamilisha usajili kwanza, maana asiye kwenye orodha ya somo hapati alama hata akihudhuria kila kipindi.

Kisha elekeza nguvu zako kwenye hesabu na maabara. Stadi za mawasiliano unaweza kuzifidia kwa kusoma madaftari ya wenzako jioni mbili tatu. Lakini jaribio la maabara, linalohitaji kemikali, vifaa na msimamizi, halifanyiki chumbani, kwa hiyo mwombe fundi wa maabara akuingize katika kundi ambalo bado halijalifanya. Waulize wahadhiri pia kuhusu mitihani midogo iliyokupita, kwani mara nyingi alama 30 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula.

Iwapo mwenyekiti ataona umepitwa mno, omba kwa maandishi kuahirisha muhula, na kama una mkopo wa HELB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, waarifu mara moja.