Barua kwa mwanangu: umeniuliza joto, nakujibu mbuzi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unasema hapo Minneapolis theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, mjukuu wangu katimiza miezi minne, na wewe na mumeo hamsemezani vizuri kwa sababu ya themostati, kile kitufe cha kupanga joto la nyumba. Wewe unaipandisha mpaka nyuzi 72 za Fahrenheit kwa ajili ya mtoto. Yeye akiamka usiku kwenda msalani anaishusha 64 kwa ajili ya bili ya gesi. Unaniuliza nani ana haki.

Hilo silijibu. Nilikwambia tangu siku ya ndoa yako kwamba yenu ya ndani myamalize ndani, na mumeo ni mtoto wangu vilevile. Ila mtoto avae soksi. Hiyo si hukumu, ni soksi.

Nyinyi mna bahati ya kugombania kitufe. Sisi pale Rogers Park, Chicago, kitufe hakikuwepo. Joto lilikuwa la mwenye nyumba, linatoka kwenye boila huko chini, na lile rejeta la sebuleni, chuma cha kutoa joto, likianza kugonga saa kumi alfajiri mdogo wako aliamka analia, anadhani kuna mtu mlangoni. Sheria ya Chicago inasema kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1 mwenye nyumba ahakikishe nyuzi 68 mchana na 66 usiku. Naijua kwa moyo kwa sababu niliibandika kwenye friji, na kando yake lile daftari ambalo kaka yako alikuwa akiandika kipimajoto kinasema nini kabla ya kwenda shule. 59. 61. 58. Tukimpigia simu mwenye nyumba anatuambia tuvae. Siku tuliyopiga 311, namba ya malalamiko ya jiji, na mkaguzi akaahidi kuja, rejeta lilichemka mpaka tukafungua madirisha.

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka nizikwe: nyumba inayopika haina baridi. Mlikuwa mkirudi shule vioo vya jikoni vimefunga ukungu, maharage yanatokota, unga wa mandazi umefunikwa kanga pembeni ya rejeta unaumuka, mnavua viatu na kukimbilia jiko kama paka. Najua utanikumbusha mlango wa oveni. Ndiyo, niliuacha wazi usiku mzima ili tupate joto, zaidi ya mara moja, na sasa najua ile gesi isiyo na harufu, kaboni monoksidi, ingetumaliza sote tukiwa tumelala vizuri. Kwa hiyo nyumba inayopika haina baridi, lakini ipike kwa sufuria. Kengele ya hiyo gesi mnayo? Angalia betri leo, usingoje kesho.

Na nyumba ile ilipika vizuri zaidi kabla ya Februari 2011. Unajua ninakokwenda.

Ile Jumanne, tarehe 1, upepo ulianza kutoka ziwani mchana, na jioni jengo la ng'ambo ya barabara halionekani. Baba yako alikuwa kwenye teksi. Nikampigia simu, nikamwambia ile barabara ya kando ya ziwa asiiguse hata abiria ampe dola mia. Akapita barabara ya Clark, mwendo wa kobe, akafika. Usiku ule pale Lake Shore Drive magari yalikwama kwa mamia, mabasi nayo, watu wamo ndani na theluji inapanda kwenye vioo. Alipofika hakusema asante. Alisema alikuwa anajua.

Tulilala sote sebuleni, magodoro chini, na radi ikapiga katikati ya theluji. Mimi mtoto wa Tanga radi naijua na mvua yake. Ile ya theluji ilinitia hofu nikajifanya nasali sana. Wewe ukaniuliza kama radi nayo inasikia baridi. Nikacheka mpaka machozi. Hata leo nikiwa peke yangu nacheka. Asubuhi zilikuwa inchi 21, zaidi ya nusu mita, na shule zimefungwa, jambo ambalo Chicago haikuwa imelifanya tangu 1999. Mlishangilia kama Idi.

Alhamisi baba yako akaenda kulifukua gari. Saa tatu nzima, kwa beleshi la kuazima kwa yule bibi wa Kimexico wa ghorofa ya chini. Gari lilikuwa la tajiri, na hesabu ya wiki inadaiwa, iwe theluji iwe jua. Na desturi ya Chicago unaijua: ukishafukua nafasi yako mtaani, unaiwekea kitu ili ukirudi uikute. Kiti kibovu, ndoo, meza ya pasi. Sheria hairuhusu, lakini hata Meya Daley alikuwa akisema aliyetoka jasho kufukua aachiwe nafasi yake.

Mimi nilikuwa nimelala, nimetoka zamu ya usiku kule nyumba ya wazee. Baba yako akapanda juu kutafuta kitu cha kuweka. Kulikuwa na viti vinne. Kulikuwa na ndoo ya kudekia. Akachukua mbuzi yangu ya kukunia nazi.

Mbuzi ya bibi yenu, mwanangu. Ya mvule, ina alama nyeusi ubavuni pale alipoweka sufuria ya moto mimi nikiwa darasa la tatu. Niliibeba kutoka Tanga kwenye sanduku, nimeizungushia vitenge vitatu, na pale uwanja wa ndege yule afisa alipoikunjua na kuona chuma chenye meno akaniuliza ni nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba ni mbuzi. Akaita mwenzake.

Baba yako utetezi wake mpaka leo ni mmoja: viti vinakaliwa, mbuzi ilikuwa imekaa tu. Eti imekaa tu! Kila Jumamosi nilikuwa naikalia mimi, nazi kutoka maduka ya mtaa wa Devon, wewe unaiba machicha nikijifanya sioni.

Jioni aliporudi nafasi ilikuwa na gari jeusi la mtu, mbuzi hakuna. Akazunguka saa nzima, maana barabara kubwa huwezi kuegesha alfajiri kuanzia Desemba mosi hadi Aprili mosi, wanalivuta. Aliingia ndani miguu imekufa ganzi. Sikupiga kelele. Kaka yako anasema nilipiga. Wewe ulikuwepo, utaamua mwenyewe.

Tangu siku ile nyumba yetu ni tui la kopo. Wageni wakisifu wali nawaambia, hilo ni tui la kopo, muulizeni baba yao. Nimesema hivyo harusini kwako, mbele ya wakwe. Mara ngapi nimesema! Na yeye hutabasamu tu na kuongeza mchuzi.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu.

Kama siku kumi baadaye natoka zamuni, asubuhi, theluji imeshakuwa ya kijivu kando ya njia kama jivu la mkaa. Mtaa wa pili kutoka kwetu, kwenye nafasi iliyofukuliwa vizuri, mbuzi yangu imesimama. Miguu imetanua, chuma kimeelekea barabarani. Mtu alikuwa anaitumia kulinda nafasi yake. Niliinama nikaiona alama nyeusi ubavuni.

Nilikuwa na haja ya kuiinua tu, ni kitu cha kubeba kwapani. Pazia la ghorofa ya kwanza likacheza. Nikakumbuka tulivyosikia, kwamba anayegusa vitu vile hukuta matairi yamechomwa, madirisha yamepigwa mawe. Nikasema nitarudi na baba yako. Nikaondoka.

Nimefika nyumbani, baba yako anakula uji kabla ya kutoka, amejikunyata na kofia kichwani. Akaniuliza, njia imeteleza? Nikamjibu, imeteleza. Basi. Sikumwambia. Kwanza nilijiambia namhurumia, ana safari. Halafu nikajiambia nitamwambia usiku. Ukweli, mwanangu, ni kwamba tangu ile Alhamisi mimi ndiye niliyekuwa na haki nyumba nzima. Nikiomba chai inaletwa. Takataka zinatoka bila kusemwa. Mbuzi ingerudi, na haki yangu ingeisha.

Au labda nilikuwa naogopa tu lile pazia. Siku nyingine nadhani ni hofu, mwanamke mgeni, peke yake, barabarani asubuhi. Siku nyingine najua si hofu. Kesho yake nilirudi peke yangu nikakuta gari, na siku iliyofuata palikuwa na kiti cha plastiki.

Kwa hiyo mbuzi baba yako aliitoa nje, lakini aliyeiacha huko ni mimi. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nimeiandika tena.

Tulikuwa kwenye themostati. Mumeo anaposhusha, je, unaijua bili yenyewe ni kiasi gani, au unaijua sura yake tu akiishika? Na yeye amewahi kukaa hicho chumba saa tisa usiku akimnyonyesha mtu? Sitii neno. Naona tu kwamba kutoka 72 mpaka 64 kuna namba nyingi katikati, na yule mwenye sheria ya Chicago aliiokota mojawapo. Blanketi kitandani mwa mtoto daktari wako amelikataza na amesema kweli, ingawa nyinyi nilikuwa nawafunga kanga mbili mkalala kama sambusa. Mvalishe ule mfuko wa kulalia. Dirishani weka ile karatasi ya plastiki inayokazwa kwa kikaushia nywele. Na pika. Usiniambie kuhusu kazi, chemsha hata maharage.

Lakini 64, kwa mtoto wa miezi minne… Basi, nimenyamaza.

Hili la mbuzi usimsomee baba yako kwenye simu. Yuko hapa dirishani anaangalia inavyoanguka, anasema mwaka huu anajua ataegesha wapi. Kesho anakwenda posta. Kuna soksi za sufu jozi sita: nne za mtoto, mbili za mumeo. Saizi yake nimekisia.

Mamako