Ramani na dira porini: dira pekee haitoshi

Watu wengi wakiamua kujifunza kutembea porini wanakimbilia dira, wanaishika mkononi, wanaona sindano inachezacheza halafu inatulia kaskazini, basi wanajiona wameiva. Mi nasema anza na ramani. Dira inakuonyesha upande tu, haikwambii uko wapi, na porini swali linalokuandama muda wote ni hilo hilo la uko wapi.

Chukua ramani ya skeli ya 1:50,000, hapo sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ya kutembea. Kaa nayo nyumbani uzisome kontua kwanza, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mistari ikibanana ni mwinuko mkali, ikiachana ni tambarare, na ikipinda kama V ncha ikaelekea juu mlimani hilo ni bonde, ncha ikielekea chini huo ni mgongo wa mlima. Hili la V nakusihi likukae kichwani kabisa, maana kwenye miti iliyofungamana huoni kilele chochote, unachokipata ni miguu tu inakwambia unapanda au unashuka, na ukilinganisha hicho na kontua unajua mengi sana. Ukiwa njiani igeuze ramani mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini, hata kama maandishi yatakaa kichwa chini, halafu weka kidole gumba pale ulipo na usikisogeze mpaka ufike kwenye kitu unachokitambua kwa uhakika, labda makutano ya vijito au njia inapokata bonde.

Dira sasa. Ukingo wake uunganishe ulipo na unakokwenda, mshale wa safari uangalie unakokwenda, zungusha gurudumu, ile duara ya dira yenye namba za nyuzi, mpaka mistari yake ilale sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani, kisha inua dira na ugeuke wewe mwenyewe mpaka ncha nyekundu ya sindano iingie kwenye alama ya kaskazini iliyochorwa ndani ya gurudumu. Pia kaskazini ya sumaku, ile inayoonyeshwa na sindano, na ya ramani kwa kawaida hazilingani, tofauti imeandikwa pembeni ya ramani na inabadilika polepole miaka ikienda, kwa hiyo angalia ramani ilichorwa lini. Nyuzi 1 tu ukikosea inakutoa kama mita 17 kwa kila kilomita, nyuzi 10 ni kama mita 175, na kwenye vichaka mita 175 unakipita kisima bila kukiona kabisa. Simu na kisu viweke mbali na dira, na gari usilisogelee wakati unasoma.

Usitembee huku umeikodolea macho dira. Tafuta mti wa mbele ulio kwenye mstari wako, uufuate, ukifika tafuta mwingine. Vichaka vikiwa vizito mtangulize mwenzako, kabla hajapotea machoni mwambie sogea kulia, sogea kushoto, akiwa sawa asimame umfuate. Wala usijiamini kwamba utanyoosha tu kwa kuhisi, kuna utafiti uliochapishwa 2009, watu walitembezwa msituni na jangwani, jua au mwezi usipoonekana wakaishia kuzunguka mduara huku wenyewe wakidhani wamenyoosha.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni umbali. Pima mita 100 kwa kamba, tembea kawaida, hesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Wengi wanapata kama 60 hadi 70. Rudia kwenye majani marefu na kwenye mlima utaona idadi inapanda, na hiyo ndo idadi yako ya porini. Mi huwa nahamisha kijiwe kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kila mita 100, ukiongeleshwa katikati huchanganyikiwi, vijiwe vinabaki na hesabu. Ukikuta kizuizi, geuka nyuzi 90 ukihesabu hatua, kipite, kisha rudi hatua zilezile upande wa pili.

Halafu kuna mbinu moja naipenda mno, ya kulenga pembeni kwa makusudi. Tuseme unatafuta daraja kwenye mto ulio kilomita 2 mbele. Ukililenga lenyewe ukafika mtoni usilione, uende kushoto au kulia? Hujui, utabahatisha. Ila ukilenga nyuzi 5 kushoto kwake utafika mtoni kama mita 175 pembeni, na hapo huna cha kuwaza, unageuka kulia unafuata mto mpaka darajani.

Ukianza kuhisi mambo hayaendani, simama hapo hapo. Watu wakiwa na wasiwasi wanaongeza mwendo, na hapo ndo wanapotea kweli. Angalia kidole gumba kilikuwa wapi mara ya mwisho, hesabu vijiwe, na kama haieleweki rudi ulikotoka kwa kujumlisha 180 kwenye nyuzi za dira ulizokuwa unafuata, zikiwa 180 au zaidi toa 180.

Kwa mazoezi ya mwanzo tafuta eneo lenye barabara upande mmoja na mto upande mwingine, ukikosea utagota kwenye kimojawapo. Mwachie mtu taarifa unapita wapi na unarudi saa ngapi. Nendeni wawili, mmoja aongoze, mwingine afuatilie kimya kwenye ramani yake, na kila mkisimama kila mtu aonyeshe kwa kidole anavyodhani mpo wapi kabla ya kuwasha GPS kuangalia.