Sapatu Haijaiva Bado: Kwa Mnaoanza Felti ya Maji

Nimeona tena wanagenzi wetu wa felti ya maji, yaani sufu inayosuguliwa kwa maji ya moto na sabuni hadi ishikane iwe kitambaa, wakianika sapatu ambazo hazijaiva, na safari hii sinyamazi. Wengi wenu mna jicho la rangi kunishinda, ndiyo maana inaniuma kazi nzuri ikiharibikia mwishoni.

1. Ijueni sufu kabla ya kuilowesha. Sufu ya kondoo aina ya Corriedale ya Molo au Nyandarua ina nyuzi nene kidogo na inavumilia kukanyagwa, basi iwekeni kwa sapatu. Ya kondoo aina ya Merino ni laini, inashika upesi, hiyo ni ya skafu. Uzi wa dukani ulioandikwa kwamba unafuliwa kwa mashine achaneni nao. Magamba ya nyuzi zake yameondolewa au kufunikwa kiwandani, hata uusugue usiku kucha hautashikana.

2. Tabaka ziwe nyembamba na zikatizane. Maji ya moto kadiri mkono unavyoweza kuvumilia. Sabuni kidogo, kwa sababu povu likijaa nyuzi zinateleza. Na mwanzoni, tafadhali, mkono mwepesi juu ya neti iliyofunika sufu!

3. Kiolezo, yaani umbo la mguu linalokatwa na kuzungushiwa sufu. Hapa nitakaa, kwa maana hapa ndipo nilipomuumiza mtu. Mama mmoja aliagiza sapatu za kuvaa nyumbani, maana sakafu yake ya saruji ilimsumbua miguu asubuhi. Mguu wake ulikuwa sentimita 25. Nilijua kiolezo kinatakiwa kuuzidi mguu kwa asilimia 40 hivi, yaani 35, lakini sufu ilikuwa chache na siku zimeniishia, nikakata 29. Nikaviringisha. Nikabana kwa vidole, nikainua, nyuzi hazikuchomoka. Nikapima: 25 kamili. Nikampelekea, naye akazivaa papo hapo akicheka.

Haukupita muda akazirudisha. Visigino vilikuwa vimetanuka, unyayo umetoa vifundo vya sufu, na kwenye kidole gumba palibaki utando ambao ungeona mwanga upande wa pili. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama amezifua vibaya. Hilo swali bado linanichoma, kwa sababu yeye hakukosea chochote. Nilimtengenezea nyingine kwa kiolezo cha 35.

Basi tuelewane: nyuzi zisipochomoka, sufu imeshikana tu, haijaiva. Ukomavu unaletwa na kusinyaa, na kiolezo kidogo kinainyima sufu nafasi ya kusinyaa. Iliyoiva uso wake una chembechembe, ukiivuta inakataa, na ukiibonyeza kisigino kinasimama chenyewe. Kabla ya hapo endelea kuviringisha, ukigeuza robo kila mara, maana inasinyaa zaidi kuelekea unakoviringishia. Halafu irushe mezani bila huruma.

4. Suuza hadi maji yawe meupe, ya mwisho yatie siki kidogo. Ivae mguuni ikiwa mbichi, uipe umbo.

5. Zulia kubwa usilianze peke yako. Kule Kyrgyzstan, sufu ya ala-kiyiz, zulia lao la felti, hupangwa juu ya mkeka wa matete, ikamwagiwa maji ya moto, ikaviringishwa na kukanyagwa na watu kadhaa pamoja. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka ufundi huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wenye ujuzi wa vizazi vingi wanasaidiana. Wewe wa juzi unajifungia chumbani na mita mbili za sufu kwa nini?

Kesho njooni na violezo vyenu na rula. Tupime kwanza, ndipo mfungue sufu.