Mwalimu wa Sandhurst na wanawe wawili: pa kuanzia utafutaji

Swali: Natoka Mombasa, nasoma Melbourne, na najitolea kwenye chama cha historia cha mtaa. Nimepewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mwanamke aliyeendesha shule Sandhurst, koloni la Victoria huku Australia, miaka ya 1860 na 1870. Magazetini anaitwa "Mrs" na jina la ukoo la mumewe, basi. Alikuwa na wana wawili. Mdogo alioa na kubaki Sandhurst. Mkubwa simwoni popote baada ya 1875. Nimetafuta sensa, sikupata kitu. Nianzie wapi?

Jibu: Sensa iache, dada. Fomu za kaya za Victoria za karne ya 19 ziliharibiwa takwimu zilipokwisha kutolewa. Kilichobaki ni majedwali ya idadi. Aliyezoea sensa za Uingereza hukwama hapo hapo. Pia kumbuka kwamba Sandhurst ndiyo Bendigo ya leo. Jina lilirudishwa rasmi 1891, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili kila mahali.

Usianze na mama. Anza na mwana mdogo, kwa kuwa alioa palepale mjini. Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Victoria tarehe 1 Julai 1853, na fomu zake ziliuliza mambo mengi kuliko za Uingereza yenyewe. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, kazi ya baba, na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Hilo jina la mwisho ndilo ufunguo wako. Ukishalipata, "Mrs" wa magazetini anakuwa mtu mwenye jina lake mwenyewe, na unaweza kumtofautisha na wenzake watatu wanne wa mji uleule wenye jina lilelile la mume.

Hatua ya pili ni cheti cha kifo cha mama. Kinatakiwa kuonyesha majina ya wazazi wake, alikozaliwa, ameishi miaka mingapi kwenye makoloni na makoloni gani, aliolewa wapi, akiwa na umri gani na kwa nani, kisha orodha ya watoto kwa majina na umri, hai na waliokufa. Kabla ya kuamini lolote, soma kwanza safu ya mtoa taarifa. Ikiwa ni mwanawe, habari za watoto huwa nzuri, ila za babu na bibi waliobaki Ulaya huwa za kusikia. Ikiwa ni mwenye nyumba ya wageni au mzikaji, utakuta "haijulikani" mstari baada ya mstari. Umri unaweza kupishana kwa miaka miwili mitatu hata pale taarifa zingine ni sahihi. Na ukiona jina moja la mtoto limetajwa mara mbili, si lazima karani awe amekosea: familia nyingi zilimpa mtoto mpya jina la nduguye aliyefariki.

Agiza nakala ya picha isiyo na muhuri kutoka kwa msajili wa Victoria. Ni nafuu kuliko cheti rasmi na maandishi ni yaleyale. Vizazi hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, ndoa baada ya 60, vifo baada ya 10, kwa hiyo wote hawa wako wazi.

Sasa shule. Hapa watu wengi huchanganya mambo, maana kuna aina mbili za shule na kila aina ina makaratasi yake.

Ikiwa ilikuwa shule yake binafsi, nyumbani kwake, hakuna faili la serikali. Tegemea magazeti, vitabu vya anwani na madaftari ya kodi za majengo. *Bendigo Advertiser* iko kwenye Trove, hazina ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Tuseme jina ni Brown: weka "Mrs Brown" ndani ya alama za kunukuu, ongeza neno school, kisha bana miaka kwa muongo mmoja mmoja. Matangazo ya kufungua muhula hujaa Januari na Julai, kwa hiyo pitia miezi hiyo kwa macho hata kama utafutaji haujaleta kitu. Kompyuta husoma vibaya chapa zilizofifia, na "Brown" huweza kuingizwa kama "Brawn" au "Biown". Tangazo moja zuri litakupa mtaa, ada, masomo, na kama alipokea wavulana. Shule nyingi za akina mama zilichukua wavulana wadogo tu, kisha wakahamishiwa kwa mwalimu mwanamume.

Daftari la kodi ndilo linalopuuzwa zaidi, nami naona lina thamani kuliko kitabu cha anwani. Mstari mmoja unaweza kukuonyesha mkaaji, kazi yake, mwenye nyumba, ukuta ni wa mbao au matofali, vyumba vingapi, na thamani ya kodi kwa mwaka. Fuata nyumba ileile mwaka hadi mwaka. Jina la mume likitoweka na la mke likaingia, umepata mwaka wa kumtafutia mume cheti cha kifo.

Au ndio mwaka aliokimbia. Mwanamke aliyeachwa mara nyingi alijiita mjane, kwa heshima ya shule na ya watoto. Kama kifo cha mume hakionekani, fungua *Victoria Police Gazette*, iliyochapisha hati za kukamatwa kwa wanaume waliotelekeza wake zao, pamoja na maelezo ya sura na mahali walikodhaniwa kwenda. Na kama mume alikuwepo, tarajia mkataba wa pango na hata kesi ya kufilisika viwe kwa jina lake ingawa shule aliiendesha mke: kabla ya sheria ya Victoria ya mali za wanawake walioolewa ya 1870, mali ya mke kisheria ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mume.

Ikiwa shule ilipata ruzuku au ilikuwa ya serikali, nenda Public Record Office Victoria, hifadhi ya nyaraka za serikali. Kuanzia 1862 shule za ruzuku zilikuwa chini ya Bodi ya Elimu. Sheria ya 1872 ikaleta elimu ya bure, ya lazima na isiyofungamana na dini kuanzia 1 Januari 1873, chini ya idara ya serikali. Kila shule ilikuwa na namba, na barua zimepangwa kwa namba hiyo, kwa hiyo itafute kwanza. Rekodi za walimu ziko kwenye mfululizo VPRS 13579 (VPRS na namba ndivyo hifadhi hiyo inavyotaja kila mfululizo wa nyaraka zake): tarehe ya kuzaliwa, daraja, vituo alivyofundisha na maneno ya wakaguzi. Malipo kwa matokeo yalidumu Victoria hadi 1905; mkaguzi alipima kusoma, kuandika na hesabu, na asilimia ikagusa mfuko wa mwalimu. Ukikuta asilimia imeanguka ghafla, usihukumu haraka, tazama kwanza barua za mwaka huo: surua ikipita mjini, madarasa huwa matupu siku ya ukaguzi.

Humo humo angalia mambo mawili. La kwanza, huenda hakuwa mwalimu mkuu bali mwalimu wa ushonaji, nafasi iliyopewa mara nyingi mke wa mwalimu mkuu. Basi habari zake ziko ndani ya barua za mumewe. La pili, wanawe. Kijana angeweza kuanza kazi kama mwanafunzi-mwalimu akiwa na miaka 13 au 14, pengine chini ya mama yake mwenyewe, na hapo atakuwa na rekodi yake.

Mwana mkubwa sasa. Kabla ya 1901 haya yalikuwa makoloni mbalimbali, na hata leo hakuna faharasa moja rasmi ya nchi nzima. Kijana wa Sandhurst wa 1875 amekulia kwenye machimbo ya dhahabu ya miamba, na dhahabu mpya wakati huo ilikuwa Queensland: Charters Towers ilianza 1872, mto Palmer 1873. Tafuta huko kwanza, kisha New South Wales, kisha New Zealand. Vyeti vya kifo vya Queensland na New South Wales hutaja wazazi, kwa hiyo jina la ukoo la mama ulilolipata mwanzo litathibitisha kama ni yeye. Vya South Australia vya karne ile vina habari chache mno. Huko usitegemee cheti peke yake.

Kabla ya kulipia vyeti vya kubahatisha, fungua faili la mirathi la mama: VPRS 28, na wosia katika VPRS 7591. Mengi yamewekwa mtandaoni bure. Kama hakuacha wosia, aliyeomba kusimamia mali aliapa kwa maandishi, na kiapo hicho kwa kawaida hutaja warithi na wanakoishi. Mkubwa akitajwa "yuko Queensland", umeokoa pesa. Asipotajwa kabisa, na cheti cha mama hakimwonyeshi miongoni mwa waliokufa, pitia faharasa ya uchunguzi wa vifo, VPRS 24, kuanzia 1875: ajali za migodini, kuzama mtoni, na maiti zilizokutwa porini bila mwenyewe kujulikana.