Nianzeje Kuandika Habari za Babu?

SWALI: Mhariri, salaam. Ukoo wetu utakutana mwezi Desemba kumkumbuka marehemu babu, aliyekuwa fundi baiskeli hapa Muheza, nami nimepewa kazi ya kuandika kurasa mbili za maisha yake, zisomwe mbele ya wajukuu ambao nusu yao hawakumwona kabisa. Hii ni wiki ya tatu. Kila jioni nafungua kompyuta, naandika "Tangu jadi na jadudi" au "Wahenga hawakukosea waliponena", kisha nafuta. Si kwamba sina la kusema, kwani babu hakuwahi kumtoza mwanafunzi pesa ya kuziba pancha. Alimtaka tu aukamate mpira ndani ya karai la maji na amwonyeshe povu linapotokea. Kinachonishinda ni mwanzo. Nifanyeje?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, mwanzo unaoutafuta umekwisha kuuandika, tena bila kuufuta: ni ile sentensi ya karai la maji. Ilikutoka kwa wepesi kwa sababu ulikuwa unanieleza mimi, mtu mmoja, jambo nisilolijua. Lakini ukiketi kuandika "historia", unajiona umesimama mbele ya ukoo mzima, na pengine mbele ya mwalimu wa insha pia, aliyetuzoeza kuwatanguliza wahenga hata pale ambapo hawana la kutusaidia. (Mimi mwenyewe niliwasumbua wahenga hao kwa miaka mingi.)

Tazama namna Mwana Kupona binti Mshamu alivyouanza utendi wake, upande wa Lamu, mwaka 1858. Alikuwa na mengi ya kumuusia binti yake kuhusu dini, adabu na ndoa, ila hakuanza na hayo. Anamwita asogee, anamwambia kuwa maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, kisha anamtaka akae karibu, na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo la kumwambia. Beti chache tu, na sisi wengine ambao hatukualikwa tumekwisha kutega masikio.

Nawe mchague mjukuu mmoja miongoni mwa wale ambao hawakumwona babu, ikiwezekana yule mwenye maswali mengi kuliko wote, umwandikie barua. Tumia kalamu na karatasi, maana kompyuta inarahisisha mno kufuta, na usirudi kusoma ulichoandika mpaka karatasi ijae pande zote mbili. Mweleze karai lilikaa wapi, mikono ya babu ilinukia nini, na alisema nini mtoto alipoliona povu. Mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi wake na mengineyo ya namna hiyo yatapata nafasi katika aya ya tatu au ya nne, wakati ambapo wasikilizaji watakuwa wameanza kutaka kuyajua. Siku ya kunakili, liondoe jina la mjukuu pale juu na salamu zake, halafu mpe shangazi au mjomba aliyemfahamu babu akusahihishie majina na miaka.