Mbwa hajawahi kulala ugenini na safari iko wiki sita mbele: nilivyomwandaa wangu

Mkuu, swali lako limenikumbusha kosa langu mwenyewe. Unasema mbwa wako dume ana miaka miwili, hajawahi kulala ugenini hata usiku mmoja, ukifunga mlango tu analia, na baada ya wiki sita unasafiri kwa siku kumi. Unauliza umnunulie nini cha kwenda nacho kituoni, pale wanapotunza mbwa wenyewe wakiwa safarini. Vya kununua ni vichache sana na nitavitaja huko chini. Kazi yenyewe ni hizo wiki sita, na mimi ningeanza leo jioni.

Mbwa wangu wa kwanza, Bosi, nilimpeleka kulala kituoni kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari yenyewe. Siku tisa. Nilibeba kitanda chake na kichezeo chake, nikajiona mlezi wa kupigiwa mfano. Mhudumu aliposhika kamba, Bosi akafyata mkia na kukaza miguu sakafuni. Mimi nikapiga magoti, nikamkumbatia na kumbembeleza kama dakika kumi huku teksi ikinisubiri. Siku mbili za kwanza hakugusa chakula. Ya tatu akaanza kuhara kinyesi chenye ute. Niliporudi nilimkuta amekonda, sauti imemkauka kwa kubweka, na siku nne baadaye akawa anakohoa kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Nilikikasirikia kile kituo kwa miezi. Hasira ilipopoa nikakumbuka kwamba walinipigia simu, walimwita daktari, walifanya kila walichotakiwa kufanya. Aliyewapelekea mbwa asiyejua kukaa bila mwenyewe ni mimi.

Wa pili anaitwa Pili. (Jina alimpa binti yangu. Shangazi yake naye anaitwa Pili na hadi leo hajatusamehe.) Huyu nilimwandaa mapema, sasa anaingia getini kituoni bila hata kugeuka kuniangalia.

Nenda kwanza kwa daktari wa mifugo. Chanjo si jambo gumu, ila ndilo lenye kalenda. Kituo kinachojiheshimu kitataka kuona kadi: kichaa cha mbwa, distempa na parvo (magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa), na mara nyingi kikohozi cha mabandani, kile kinachoambukizana mbwa wanapokaa pamoja. Kama mbwa hajawahi kuchanjwa kichaa, chanjo ya kwanza huhesabika kuwa imempa kinga baada ya siku 28, kwa hiyo ukisubiri wiki ya mwisho umekwisha. Ya kikohozi, hasa dhidi ya bakteria Bordetella bronchiseptica, ipo ya matone ya puani inayoanza kukinga ndani ya siku chache, na ipo ya sindano ambayo kwa anayeanza huhitaji dozi mbili zilizopishana wiki mbili hadi nne. Mwambie daktari tarehe ya safari, atakupangia. Ila jua kwamba kikohozi hicho husababishwa na vijidudu vya aina nyingi, hivyo mbwa aliyechanjwa bado anaweza kukohoa. Chanjo hupunguza makali. Bosi hakuwa nayo kabisa, na hapo sina wa kumlaumu.

Siku hiyo hiyo malizana na minyoo, kupe na viroboto. Wako ni dume, kwa hiyo waulize mapema kama wanapokea madume wasiohasiwa, maana vituo vingi havichanganyi dume mzima na wengine, na jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, hawamtaki kabisa. Ukiamua kumhasi, fanya wiki hii. Kidonda huhitaji siku 10 hadi 14 za utulivu, na huwezi kumwingiza kwenye kundi la mbwa wanaorukiana akiwa na nyuzi.

Sasa lile la kulia ukifunga mlango, ambalo ndilo kiini cha mambo yote. Mbwa hasomi saa, anasoma funguo. Anajua ukivaa viatu vile, ukichukua begi lile, unaondoka, na hofu inaanza hapo kabla hujagusa kitasa. Kwa hiyo siku za kwanza usiondoke kabisa. Shika funguo, kisha kaa usome gazeti. Vaa viatu, kisha nenda jikoni ukaoshe vyombo. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku hadi asiinue hata kichwa. Ndipo utoke nje kwa sekunde tano, urudi. Sekunde kumi. Thelathini. Kisha rudi kwenye tano, ili asijifunze kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita. Siri ni kurudi kabla hajaanza kulia. Ukimkuta ameshaanza, muda ulikuwa mrefu mno kwake, punguza. Unapoingia usifanye sherehe. Mpe dakika mbili atulie, ndipo umsalimie. Pili alituchukua siku kumi na mbili kufika nusu saa, na kutoka nusu saa hadi muda wa saa tatu nzima kulikuwa rahisi kuliko zile dakika tano za mwanzo.

Hapa niweke angalizo. Kuna mbwa anayenung'unika dakika chache kisha analala, na kuna mbwa anayechuruzika mate, anayekwaruza mlango hadi kucha zinatoka damu, anayejikojolea kila akibaki peke yake. Huyo wa pili ana ugonjwa wa hofu. Usimpeleke kulala kituoni ukitumaini kwamba atazoea. Zungumza na daktari, wakati mwingine dawa huhitajika pamoja na mazoezi, na kwa safari hii mtafutie mtu wa kuja kukaa naye hapo hapo nyumbani. Weka simu irekodi ukiwa umetoka, utajua wako ni wa kundi lipi. Majirani husema "analia sana", lakini majirani hawasemi alilia kwa muda gani.

Sambamba na hilo, mzoeze kizimba kama hajui, kwa sababu vituo vingi huwafungia usiku au saa za kupumzika. Mlishe humo mlango ukiwa wazi, siku kadhaa, ndipo uanze kuufunga anapokula na kuufungua kabla hajamaliza. Usimfungie humo kama adhabu hata mara moja. Na mzoeze mikono ya watu wengine: rafiki amshike kamba mzunguke mtaa wewe ukiwa nyuma, mwingine amguse miguu, masikio, afungue mdomo. Kituoni atashikwa na mtu asiyemjua siku ya kwanza tu, na mbwa anayeng'ata kwa woga atarudishwa kwako nawe uko uwanja wa ndege.

Wiki ya pili nenda kituoni bila mbwa. Nusa. Mahali penye mbwa patanuka mbwa, hiyo ni halali, lakini harufu ya mkojo uliolala ni habari nyingine. Angalia kama geti ni la milango miwili, ili mmoja ukifunguliwa mwingine uwe umefungwa. Uliza mbwa wanagawanywaje: kwa ukubwa tu, au na kwa tabia pia? Wanapumzishwa mchana, au wanakimbizana kutwa? Nani hulala hapo usiku? Na ukanda wa shingoni wakati wa kucheza, wanauvua? Mbwa wanapong'atana kwa mchezo, taya la mmoja huweza kunasa kwenye ukanda wa mwenzake na kumkaba, kwa hiyo swali hilo si la ukorofi. Ila swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Mbwa akikataa kucheza, mnafanyaje?" Akikujibu "hapa wote hucheza", aga uondoke. Niliyemchagua alijibu bila kufikiri kwamba wana chumba cha pembeni na kwamba mbwa wengine hukaa na mhudumu tu, wakimfuata kila anakokwenda kama mkia. Pili akaja kuwa mmoja wao.

Wiki ya tatu mpeleke kwa saa mbili. Kisha nusu siku. Kisha mchana mzima, mara mbili au tatu, ukiacha siku katikati. Wiki ya tano alale usiku mmoja, na ikiwezekana usiku mwingine kabla hujasafiri. Usiku huo wa majaribio ndio utakaokuambia ukweli ambao kituo chenyewe hakiwezi kukuambia: anakula? Anajisaidia? Analala? Pili usiku wa kwanza alikula nusu tu na asubuhi kinyesi kilikuwa laini, jambo la kawaida kwa mbwa aliyebanwa na wasiwasi. Usiku wa pili akamaliza bakuli.

Akirudi nyumbani jioni atalala fofofo, usishtuke. Kuchoka si dalili mbaya. Dalili mbaya ziko asubuhi ya safari inayofuata: analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa macho unaonekana pembeni, mwili unazama chini mnapokaribia geti. Mara ya kwanza na ya pili mvumilie. Ikifika ya nne na bado hivyo, mbwa wako anakwambia kundi si lake. Wapo mbwa wa hivyo, hawana kasoro yoyote, na kwao malazi ya mtu mmoja mwenye mbwa wachache yanafaa kuliko uwanja wenye ishirini.

Vya kubeba ni vichache. Chakula chake mwenyewe, kilichopimwa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, na cha siku mbili za ziada kama ndege itachelewa. Kubadilisha chakula ghafla huharisha hata mbwa mwenye furaha, sembuse mwenye hofu. Fulana yako uliyoivaa, usiifue. Dawa zake zikiwa na maandishi ya kiasi na saa. Na karatasi yenye simu ya daktari wake, simu ya mtu anayeweza kuamua badala yako usipopatikana, na ruhusa yako ya maandishi atibiwe. Kile kichezeo anachokipenda kiache nyumbani, huko kitaleta ugomvi. Kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa bado ni yako. Zile tarakimu 15 za chipu peke yake hazimpigii mtu.

Siku yenyewe mtembeze vizuri asubuhi, mlo mwepesi na mapema, mkabidhi kamba mhudumu, sema neno lile lile unalosema kila siku ukitoka, geuka. Usifanye niliyomfanyia Bosi. Kumbatio la dakika kumi kwa mbwa ni taarifa kwamba kuna jambo la kuogopa.

Ukimchukua, maji mpe kidogo kidogo, wengi hurudi na kiu ya kumaliza ndoo. Mlo mdogo, kisha usingizi. Kinyesi laini siku moja au mbili kinapita chenyewe. Damu, kutapika mara kwa mara, au kukataa maji, mpeleke. Tumbo likivimba huku anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hasa kama ana kifua kirefu, usingoje hata kupambazuke: tumbo huenda limejisokota, na hilo huua kwa saa chache. Kikohozi kinaweza kujitokeza hadi wiki mbili baadaye, kwa hiyo kikianza mtenge na mbwa wa jirani, na uwaarifu kituo ili wawaambie wengine.

Uliuliza pia kama uombe kumwona kwa simu ya video kila jioni uongee naye. Mimi nilijaribu mara moja. Pili alisikia sauti yangu, akazunguka nyuma ya simu kunitafuta, kisha akaenda kukaa mlangoni, na mhudumu akaniambia hakutoka pale hadi saa nne usiku. Siku hizi naomba wanitumie picha tu.